Shingo ya Fundi na Mikono ya Watu

(Hotuba hii niliitoa kwenye mkutano wa mwaka wa chama cha kuweka na kukopa cha mafundi cherehani, hapa Tanga. Wengi hawakufika kwa sababu ya tenda za sare za shule, wakaniomba niiandike yote kama nilivyoisema. Picha nilizobandika ukutani zimebaki ukutani.)

Asalaam aleikum. Tumsifu Yesu Kristo. Mwenyekiti wetu, mweka hazina wetu ambaye leo kila mtu anamchekea kwa sababu anazozijua mwenyewe, mafundi wazee kwa vijana, na mama wa chai pale mlangoni: habari za asubuhi?

Kabla sijasema lolote, nawaomba kitu kimoja. Kila aliyemo humu ageuze shingo atazame bega lake la kulia. Taratibu, bila kujilazimisha. Haya, sasa la kushoto. Nani amesikia kama kamba inamvuta huku ukosini? Nyoosheni mikono. Mwenyekiti, hebu hesabu. Nusu ya ukumbi wamenyoosha, na nusu iliyobaki wanaona haya.

Sishangai, maana nimekulia chini ya meza ya cherehani. Marehemu mama alikuwa fundi. Wiki ya mwisho ya Ramadhani usingizi kwake ulikuwa hadithi. Taa ya chemli upande huu, mimi upande ule nakata nyuzi. Asubuhi ya Idi watoto wa mtaa mzima wamependeza kwa kazi ya mikono yake, lakini mtu akimwita kwa nyuma, mama hageuzi shingo. Anageuka mwili mzima, kama lori. Watoto tulicheka. Leo sicheki.

Mwenyekiti aliponialika aliniambia hivi: "Dada, watu wangu wanamaliza fedha. Huyu anachuliwa, yule anavutwa, mwingine anapindwa shingo mpaka inalia ka! Kila mmoja anasema wake ndiye bingwa. Wewe ndiyo kazi yako, miaka 19 unashika shingo za watu. Waambie mkono upi ni wa kweli." Swali ndilo hilo. Mkono upi?

Tuanze na shingo yenyewe. Twiga ana mifupa mingapi shingoni? Nasikia hamsini, nasikia ishirini. Ni saba, ndugu zangu. Na wewe fundi, shingo yako una mingapi? Saba hiyo hiyo. Mnyama wa taifa na fundi wa Ngamiani wamegawiwa sawasawa, tofauti ni urefu wa pingili. Juu ya pingili hizo saba kimekaa kichwa chenye uzito wa kilo nne na nusu, tano hivi. Kikikaa wima, shingo haina neno. Sasa kiinamishe kwenye pindo la suruali. Mwaka 2014 daktari mmoja wa upasuaji wa mgongo wa New York, Kenneth Hansraj, alipiga hesabu kwa kompyuta akaona kwamba kichwa kikiinama nyuzi 60 shingo inabeba mzigo unaofikia kilo 27. Ni hesabu ya kompyuta, hakuna mtu aliyepimwa kwa mizani, lakini inatupa picha. Kilo 27 ni zaidi ya nusu mfuko wa saruji. Nani humu anashona na nusu mfuko wa saruji umemkalia ukosini? Sote!

Kwa hiyo misuli ya nyuma ya shingo inashika kamba siku nzima, kama mtu aliyeshikilia mbuzi asikimbie. Inachoka, inakaza, inafanya mafundo. Viungo vidogo vinavyounganisha pingili navyo vinakaa mkao mmoja mpaka vinagoma. Hapo ndipo mikono ya watu inapoingia.

Mkono wa kwanza tunaujua tangu utotoni, nao ni kuchua. Bibi yangu wa Muheza alikuwa akibeba machungwa kwa tenga kichwani mpaka barabarani. Jioni jirani yake anakuja na mafuta ya nazi yaliyopashwa moto, anamkalisha kwenye mkeka, anaanza mabegani anapanda ukosini, anashuka tena, huku wanawasema watu. Saa nzima! Nilipokwenda kusomea fiziotherapia, yaani tiba ya viungo, kwenye hospitali ya KCMC, Moshi, nilirudi likizo nimejaa elimu, nikamwambia bibi kwamba kuchuliwa huku ni starehe tu. Akaniangalia. Akasema, "Starehe nayo ni dawa, mjukuu wangu, tena hii hainiumizi tumbo kama vidonge vyenu."

Sasa sikilizeni. Mwaka 2014 watafiti wa Seattle, Marekani, walitoa matokeo yao juu ya watu 228 wenye maumivu ya shingo ya muda mrefu. Wengine walichuliwa nusu saa, mara mbili au tatu kwa wiki. Wengine saa nzima, mara moja, mbili au tatu. Wengine wakasubiri zamu bila kuguswa. Wiki nne. Mnajua nini? Waliochuliwa nusu saa hawakuwashinda wale waliokuwa wanasubiri. Waliochuliwa saa nzima, mara mbili au tatu kwa wiki, hao ndio waliopata nafuu inayoonekana. Saa nzima! Bibi yangu hakusoma utafiti wa Seattle. Jirani yake ndiye aliyekuwa na umbea wa kutosha saa nzima.

Kuchua kunalegeza msuli, kunatuliza, na kunakupa usingizi. Ndani ya kuchua kuna ufundi wake pia. Kuna kulitafuta lile fundo la msuli begani na kulibonyeza mpaka liachie. Daktari Janet Travell, aliyemtibu Rais Kennedy wa Marekani, alitumia miaka mingi kuchora ramani za mafundo hayo, akionyesha jinsi fundo la begani linavyoweza kupeleka maumivu mpaka kwenye panja ukadhani ni kichwa kinachouma. Kuna na mtindo mwingine ninaoupenda, wa kukaza na kulegeza: wewe unasukuma kichwa kidogo dhidi ya kiganja changu, mimi nakizuia, tunahesabu mpaka tano, unaachia, nami nakuongezea hatua. Hauumi, na wazee wanaupenda. Ila tusidanganyane. Ukichuliwa leo, kesho ukarudi kwenye nusu mfuko wa saruji saa kumi na mbili mfululizo, wiki ijayo utarudi kwangu na fundo lile lile, tena limeleta na nduguze.

Mkono wa pili wengi hamuujui, na ndio ninaoutumia kuliko yote. Wenzangu wa kazi wana jina lake la kigeni; mimi nauita kusogeza. Acheni niueleze kwa cherehani. Uzi ukijizonga kwenye bobini, sindano ikakwama, fundi unafanya nini? Unakanyaga kwa nguvu? (Ukumbi: Hapana!) Ukikanyaga kwa nguvu?

(Fundi mmoja: Sindano inavunjika!)

Sindano inavunjika! Unashika gurudumu kwa mkono, unalirudisha nyuma kidogo, mbele kidogo, nyuma, mbele, mpaka uzi unaachia. Basi umeshaelewa kazi yangu. Naweka vidole gumba viwili juu ya pingili iliyokaza, nainong'oneza: nyuma, mbele, nyuma, mbele. Hakuna mlio. Anayetazama kwa mbali anasema huyu mama hafanyi kitu.

Mwaustralia mmoja, Geoffrey Maitland wa Adelaide, aliupanga usogezaji huo kwa daraja nne, na wanafunzi wa fiziotherapia duniani kote tunazisoma. Ya kwanza ni mtikisiko mdogo, mwanzoni kabisa mwa safari ya kiungo, kwa mtu mwenye maumivu makali. Ya pili safari ni ndefu lakini hugusi pale palipokaza. Ya tatu unakwenda mpaka pale. Ya nne ni mtikisiko mdogo pale pale ukingoni. Mkandaji wa kweli wa mkono huu anakuuliza kila baada ya dakika: sasa je? Inauma zaidi? Imepungua? Asiyekuuliza, ondoka.

New Zealand nako akatokea Brian Mulligan na wazo lake: kwa nini mgonjwa alale tu kama mzigo? Yeye anaishikilia pingili kwa kidole, na wewe mwenyewe unageuza shingo pale ilipokuwa inagoma. Isipouma, rudia. Ikiuma, basi kidole hakijakaa mahali pake. Na uzuri wake, unaweza kujifanyia nyumbani kwa pindo la taulo, au hata kanga, ukishafundishwa. Shoga zangu, kanga mnazo. Njooni tufundishane, msijaribu kwa kunisikia tu hapa.

Niliwahi kumpata fundi mmoja, mama wa makamo, anashona madera. Bega la kulia alikuwa halioni kabisa. Kuvuka barabara alikuwa anamtanguliza mwanawe. Siku ya kwanza nilimsogeza dakika kumi na tano, pingili mbili tu za juu. Mjue kwamba karibu nusu ya kugeuka kwote kwa shingo kunafanyika kati ya pingili ya kwanza na ya pili, hapa chini ya kisogo. Alipoinuka akageuka, akaniangalia, akasema, "Mbona hukunifanya kitu?" Nikamwambia, "Na hilo kabati ulilokuwa hulioni, limefikaje?" Akacheka mpaka akashika shingo.

Siku moja haikumponya. Ilichukua wiki tano, na mambo mengine nitakayoyasema.

Haya, sasa ule mkono wa tatu. Najua ndio mliokuja kuusikia. Wa ka!

Waswahili wana neno lake zuri: kualisha. Unaalisha vidole, unaalisha mgongo, na siku hizi vijana wanaalishwa shingo saluni baada ya kunyolewa, kama nyongeza ya bure. Mkono huu una historia. Mwaka 1895, Davenport, jimbo la Iowa, Marekani, mtu aitwaye Daniel David Palmer alimsukuma pingili ya mgongo msafishaji wa jengo, Harvey Lillard, aliyekuwa hasikii vizuri, na ikasimuliwa kwamba masikio yakafunguka. Kutoka hapo ikazaliwa taaluma nzima. Hilo la masikio mimi nalisikiliza kwa sikio moja. Lakini kualisha kwa mkono uliosomea ni tiba halali. Mimi mwenyewe nimeusomea, na ninaye mgonjwa mmoja mmoja ninayemfanyia.

Ule mlio ni nini? Mtaani wanasema ni mfupa umerudi mahali pake. Ndugu zangu, mfupa wa shingo ukitoka mahali pake hutakuwa umekaa kwenye kiti cha kinyozi unatazama mpira. Utakuwa umelazwa, shingo imefungwa, na ndugu wanaitwa kutoka mbali. Ndani ya kiungo kuna ute. Ukikitanua kwa ghafla, ndani ya ute ule panafunguka uwazi wa gesi, na mlio unatokea. Mwaka 2015 wenzetu wa Kanada waliviweka vidole vya mtu ndani ya mashine ya picha, wakavivuta, wakauona uwazi huo ukifunguka pale pale kinapolia. Na kiungo kikishalia, kinachukua dakika kama ishirini kabla hakijaweza kulia tena. Kwa hiyo mtu anayekupindapinda mara tano atafute mlio wa pili, anatafuta nini? Anatafuta kelele!

Nilipokuwa kijana kwenye kazi nilikuwa mtu wa kelele pia. Nakiri mbele yenu. Nilikuwa natoka kwenye mafunzo, mikono inawasha, kila shingo naiona inataka kulia. Akaja mama mmoja mtu mzima, analalamika kichwa na shingo. Sikumuuliza maswali ya kutosha. Nikamwalisha, ikalia vizuri kweli kweli, akashukuru. Baada ya siku tatu karudi, shingo imekaza kama nguzo ya umeme. Akaniambia bila hasira, "Mwanangu, siku ile ulinifurahisha masikio." Sijalisahau neno lile. Alipona, alhamdulillahi, kwa kusogezwa taratibu, na mimi nikapona maradhi ya kelele.

Lakini si kila mtu ana bahati ya mama yule. Ndani ya pingili za shingo, kulia na kushoto, kuna matundu, na ndani ya matundu hayo inapita mishipa miwili ya damu inayopanda kulisha sehemu ya nyuma ya ubongo. Pale juu kabisa, kwenye pingili ya kwanza, mshipa unapiga kona kali kabla haujaingia kichwani. Shingo ikipindwa kwa ghafla na kwa nguvu, utando wa ndani wa mshipa unaweza kuchanika, damu ikaganda, na donge likaenda kwenye ubongo. Hicho ni kiharusi. Ni jambo la nadra, narudia, nadra. Lakini nimemwona kijana wa bodaboda, alialishwa shingo saluni akitoka kunyoa, siku mbili baadaye anaona vitu viwili viwili, anapepesuka, kumeza mate ni shida. Ndugu walidhani kalewa. Yu hai, ila pikipiki kaiuza.

Nitaongeza jambo moja kwa haki, kwa sababu simlaumu kinyozi yule peke yake. Wakati mwingine mshipa huwa umeshaanza kuchanika kabla, na maumivu ya shingo yanayompeleka mtu kwa mwalishaji ndiyo dalili yake ya kwanza. Aliyesomea anatakiwa kuuliza: maumivu haya ni mapya? Umewahi kupata ya namna hii? Kizunguzungu je? Presha? Kinyozi hana maswali hayo. Ana poda na wembe.

Na kama ni kualisha, mimi siku hizi huanzia chini, mgongo wa juu, kati ya mabega. Kuna majaribio yaliyoonyesha kwamba kuualisha mgongo wa juu kunapunguza maumivu ya shingo hapo hapo, na ile mishipa yetu miwili haiguswi kabisa. Kuvuta shingo kwa mashine au kwa mikono nakutumia kwa baadhi ya wenye ganzi inayoshuka mkononi. Hapo sitakaa sana, si la watu wengi humu.

Mko pamoja na mimi? (Tupo!) Basi turudi kwa swali la Mwenyekiti. Mkono upi?

Kualisha na kusogeza vimeshapambanishwa, tena kwa haki, kama mechi. California mwaka 2002, wagonjwa 336 wa shingo, hawa wakaalishwa, hawa wakasogezwa. Miezi sita wakafuatiliwa. Sare! Sydney mwaka 2010, watu 182 ambao shingo zilikuwa zimeanza kuuma karibuni, swali likawa nani atapona haraka. Sare tena! Sasa niambieni, mafundi. Vitambaa viwili vinavaliwa muda sawa, vinapendeza sawa, kimoja kina hatari ndogo ya kuwaka moto. Unanunua kipi? Ndiyo maana nikasema mkono wa kusogeza ndio ninaoutumia kuliko yote. Si kwamba wa tatu ni uongo. Ni kwamba haunipi cha zaidi.

Je, kusogeza kunashinda kukaa na vidonge? Uholanzi, mwaka 2002 huo huo, walichukua watu 183. Kundi moja likasogezwa mara moja kwa wiki, mara sita mwisho. La pili likapewa mazoezi na mtaalamu, mpaka mara kumi na mbili. La tatu likabaki kwa daktari wa kawaida, dawa na ushauri. Baada ya wiki saba, waliosema wamepona au karibu wamepona walikuwa asilimia 68 kwa waliosogezwa, 51 kwa wa mazoezi, 36 kwa wa daktari. Mpigieni makofi Mholanzi. Basi, inatosha, shusheni mikono, maana hadithi haijaisha. Ulipotimia mwaka mmoja, tofauti zile zilikuwa zimepungua sana. Shingo nyingi hupoa zenyewe kwa muda. Mikono iliwafikisha mapema.

Hapo ndipo penye neno langu la leo, na naomba mama wa chai asubiri kidogo na vikombe. Minnesota, Marekani, matokeo yalitoka mwaka 2012. Watu 272 wenye maumivu ya shingo. Wa kwanza wakaalishwa kwa wiki kumi na mbili na watu wenye vyeti vyao. Wa pili wakameza dawa. Wa tatu wakaitwa mara mbili tu, saa moja moja, wakafundishwa mazoezi mepesi ya shingo na mabega, wakaambiwa nendeni mkafanye nyumbani, kila zoezi mara tano mpaka kumi, mara sita mpaka nane kwa siku. Walioalishwa waliwashinda wa dawa. Sawa. Na wale wa nyumbani, waliomwona mtaalamu saa mbili tu za maisha yao? Wakaenda sambamba na walioalishwa wiki kumi na mbili. Sambamba!

Mnaelewa ninachojifanyia mwenyewe nikisema haya? Naua biashara yangu. Lakini Waswahili walisema mtegemea cha nduguye hufa maskini, na mwenye kuitegemea mikono yangu peke yake atakuwa maskini wa nauli. Mimi nakufungulia shingo iliyogoma, ili uweze kufanya zoezi ambalo jana lilikuwa linakutoa machozi. Yule mama wa madera, mnamkumbuka? Mikono yangu ilimshika mara sita. Shingo yake aliifanyisha kazi mwenyewe kila adhana, kabla ya kutawadha. Alichagua adhana kwa sababu simu yake ilikuwa inazima chaji, adhana haizimi. Na kiti akakipandisha kwa mto, taa akaisogeza, kazi ya kudarizi akaiinulia kwenye ubao badala ya kuiinamia mapajani.

Kabla ya kumaliza, kuna shingo ambazo hazitaki mkono wa mtu yeyote, wangu wala wa jirani. Alikuja baba mmoja kachuliwa miezi mitatu na watu mbalimbali. Kila akichuliwa, usiku ndio unakuwa mbaya. Amekonda, anatoka jasho la usiku, mkanda wa suruali ametoboa matundu mapya mawili. Sikumgusa. Nilimpeleka kwa daktari, ikapigwa picha. Ilikuwa kifua kikuu, lakini si cha kifua. Kilikuwa kinazila pingili za shingo. Alipewa dawa za TB, na dawa zile zilimponya. Fikirini kama mtu angemwalisha.

Kwa hiyo mwenye maumivu ya shingo na homa, nenda hospitali. Ukikonda bila sababu, nenda hospitali. Umeanguka, umegongwa, nenda hospitali kabla hata ya kuigeuza. Mikono inaangusha sindano, miguu inajikwaa, mkojo hausubiri: hospitali. Kizunguzungu kipya, kuona viwili viwili, ulimi mzito, maumivu makali ambayo hujawahi kuyapata: hospitali, leo, si baada ya kumaliza tenda.

Sasa tuwekeni mikasi chini tufanye moja pamoja. Kaeni wima, mgongo uguse kiti. Macho mbele. Tikisa kichwa kwa kukubali, lakini kidogo mno, kama mtu anayesema ndiyo kwa siri mumewe asimwone. Kidevu kinaingia ndani, kisogo kinapanda juu. Misuli ya nje ya shingo isikaze. Shika koo kwa vidole usikie, ibaki laini. Ndiyo hiyo. Shikilia, tuhesabu kumi. Achia. Mara kumi, asubuhi na jioni. Waaustralia walichukua watu 200 wenye vichwa vinavyouma kwa sababu ya shingo, wengine wakapewa mazoezi ya namna hii, wengine mikono, wengine vyote viwili, wengine hawakupewa kitu, na waliopata nafuu kwa mazoezi au mikono walikuwa bado wako vizuri ulipotimia mwaka.

Tena. Kubali kidogo. Shikilia. Fundi wa kofia nyekundu, umekubali mpaka kifuani, hiyo ni sijda, punguza. Vizuri. Achia. Tena.

Hebu mtazameni Mwenyekiti. Anakubali kwa kichwa vizuri kabisa, bila wasiwasi wowote. Mweka hazina, andika: maombi yote ya mikopo yamekubaliwa.